Gari Lako Mpaka Jioni

Kuna mchezo kule Ufini ambao ukiandikisha gari lako asubuhi, huna hakika kama jioni utarudi nalo nyumbani. Sizungumzii ajali wala wizi. Ni kwamba mtu mwingine anaweza kulipenda. Sheria iko hivi: kila gari linaloshindana linauzwa, bei ni moja kwa magari yote, na bei hiyo imepangwa na wasimamizi wa mchezo kabla hujanunua hata nati ya kwanza. Dereva mwenzako mwenye leseni ya mchezo akileta pesa, unampa gari. Wakijitokeza watatu wanaolitaka, kura inapigwa. Ukikataa kuuza, unapokonywa leseni ya kushindana.

Mchezo wenyewe unaitwa jokamiehenluokka, jina ambalo hata Wafini wamelichoka wakalifupisha kuwa jokkis. Jokamies ni "kila mtu", ingawa neno kwa neno ni "kila mwanamume", na siku hizi wanawake na wasichana nao wanaendesha. Luokka ni daraja. Kwa hivyo, daraja la kila mtu. Ni mchezo wa watu wa kawaida, si wa kulipwa. Mtoto wa miaka 15 anaruhusiwa kushindana, ilhali umri wa kawaida wa kupata leseni ya barabarani ni 18. Wakati wa joto wanakimbiza magari kwenye changarawe. Baridi ikikaza, maziwa yanaganda, theluji inafagiliwa kutengeneza njia ya mzunguko, na magari yanapelekwa juu ya maji.

Swali langu si la magari sana. Ni hili: kumlazimisha mtu auze kitu alichokiunda kwa mikono yake, hiyo inaweza kuwa haki? Mara ya kwanza niliposoma kuhusu sheria hii nilijibu hapana, tena haraka sana. Nilikuwa na sababu zangu, na nitazisema.

Lakini kwanza niseme nilivyofika huko kwenye barafu, maana mimi ni mtu wa Nakuru na barafu ninayoijua ni ile ya friji ya dukani. Juni 2022 nilipanda matatu na marafiki wawili kwenda kutazama Safari Rally. Tulisimama Soysambu kando ya njia ya vumbi, vitambaa vimefungwa puani kama majambazi wa sinema. Aliyeshinda mwaka huo alikuwa Mfini, Kalle Rovanperä, kijana wa miaka 21, na nyuma yake zikafuata Toyota zingine tatu. Oktoba ya mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia, siku moja baada ya kutimiza miaka 22. Sisi ni rika lake kabisa. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaacha chuo, nalala kwa sofa ya rafiki, naandikia watu makala za kuuza viatu. Si ungejiuliza pia huyu mtu alianza lini?

Jibu liko kwenye intaneti. Kuna video yake akiwa na miaka minane, ndani ya Toyota Starlet, kwenye ziwa lililoganda. Mtoto mdogo, usukani mkubwa, na gari linateleza kiubavu kona baada ya kona kana kwamba limekubaliana naye. Baba yake, Harri Rovanperä, naye alikuwa dereva wa rally, alishinda ile ya Uswidi mwaka 2001.

Na Wafini hawajaanza jana kula vumbi letu. Hannu Mikkola mwaka 1972 ndiye aliyekuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari. Ari Vatanen alishinda 1983. Juha Kankkunen alishinda mara tatu, 1985, 1991 na 1993. Wazee wa gereji za Nakuru wanayataja majina hayo kama ya majirani waliohama. Nchi nzima haifikishi watu milioni sita, ni kama jiji la Nairobi na viunga vyake tu. Sasa watu hao wanakula nini? Jibu moja ni maziwa, na sisemi ya ng'ombe. Wana maziwa karibu 188,000, na kila msimu wa baridi mengi yake yanageuka kuwa uwanja.

Maji yana tabia moja ya ajabu. Yanakuwa mazito zaidi yakifika karibu nyuzi 4, halafu yanazama. Yale yanayozidi kupoa yanabaki juu na kuganda. Ndiyo maana ziwa huganda kuanzia juu, na samaki chini wanaendelea na shughuli zao. Barafu safi yenye unene wa sentimita 30 inabeba gari dogo, ila inatobolewa na kupimwa kwanza, kwa sababu barafu haina huruma na mtu wa kukisia.

Ukishakuwa juu yake, mambo yanageuka. Tairi kwenye lami kavu inashika. Kwenye barafu tupu mshiko unaobaki ni kama sehemu moja kwa kumi, na hata misumari midogo ya tairi ikisaidia, bado unateleza. Ukikanyaga mafuta kwa pupa magurudumu yanazunguka bure na gari linabaki palepale likipiga kelele. Injini kubwa inakuwa kama sauti kubwa ya mtu asiye na la kusema. Kona ya kulia unaianza kwa kulitupa gari kushoto kidogo, kisha unaliacha lirudi kwa uzito wake lenyewe. Yaani unageuka kabla ya kufika, na ukichelewa kufikiria, umeshapita. Barafu peke yake inaondoa sehemu kubwa ya kile ambacho pesa ingekununulia kwenye lami. Sheria ya kuuza inakuja kumalizia kilichobaki.

Naipenda akili iliyo ndani ya sheria hii. Wangeweza kukataza: usitumie zaidi ya kiasi fulani, leta risiti, tutakagua. Sisi Wakenya tunajua makatazo yanavyoishia. Kila katazo lina mtu wa kulikagua, na kila mkaguzi ana bei yake. Wafini hawa hawakukataza matumizi. Walichofanya ni kuyafanya yawe ya kijinga. Unataka kuweka injini ya mamilioni? Weka tu. Jioni jirani yako atalichukua gari kwa bei ya kila mtu, na injini ndani. Hakuna haja ya risiti, maana kila mshindani ni mkaguzi, na anakagua kwa sababu ana tamaa.

Wazo lenyewe si geni. Mimi na dada yangu tukigombania chapati ya mwisho, mama alisema mmoja akate na mwingine achague. Hakuna chapati zilizowahi kukatwa kwa makini kama zile. Athens ya kale, Ugiriki, walikuwa na kitu kinachofanana. Raia tajiri aliyeambiwa agharamie meli ya vita au kwaya ya sherehe angeweza kumnyooshea mwenzake kidole: huyu ni tajiri kuniliko, alipe yeye. Mwenzake akikana, alikuwa anaweza kuambiwa basi tubadilishane mali zote, yako iwe yangu na yangu iwe yako. Waliita antidosis. Ukisema wewe ni maskini, uwe tayari kupewa umaskini wa mwenzako. Na John Rawls, ambaye tulimsoma kwenye somo moja la mwaka wa kwanza, aliandika katika kitabu chake cha 1971 kwamba tungepanga sheria za haki kama tungezipanga bila kujua sisi wenyewe tutaangukia wapi, juu ama chini. Hilo ndilo somo pekee nililolibeba kutoka chuo. Mengine nilirudisha maktaba.

Kwa hivyo kwenye karatasi sheria inapendeza. Shida yangu ilikuwa Starlet.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, ni fundi wa jua kali. Nikiwa shule ya upili alinunua Starlet iliyogongwa nyuma, ganda tu, ikiwa imekaa kwenye nyasi za mtu hadi kuku walikuwa wanataga ndani. Aliiunda kwa miaka miwili. Mchana alitengeneza magari ya wateja, jioni akifunga kazi alirudi kwa lake. Injini ilitoka kwa gari moja, gia boksi kwa lingine, mlango wa kushoto ulikuwa wa rangi tofauti. Kazi yangu ilikuwa kushika simu ili apate mwanga akiunganisha nyaya chini ya dashibodi. Nilikuwa nachoka mkono, ananiambia, "Shika vizuri bana, hii si picha ya harusi." Ndoto yake ilikuwa kuipeleka autocross siku moja, hata kama ni kushika mkia. Alitaka tu jina lake lisomwe kwenye spika.

Januari moja karo yangu ya chuo ikakosekana. Mama alipiga simu kila mahali. Mjomba hakuambiwa, alisikia tu. Akaita dalali. Na dalali akishajua una haraka, bei anaipanga yeye. Gari likaenda kwa laki moja na ishirini. Spea peke yake zilikuwa zimekula zaidi ya hapo, na usiku hazikuhesabiwa na mtu. Nilisoma mihula miwili zaidi halafu nikaacha. Ningependa kusema niliacha kwa sababu ya karo, na karo ilikuwepo, lakini nilikuwa nimeanza kukosa darasa kabla ya hapo. Hilo sijawahi kumwambia kwa maneno. Anajua.

Sasa unaelewa kwa nini niliposoma juu ya magari ya Wafini damu ilinipanda. Niliwaza kijana fulani kule, naye ameshikiwa taa na mtoto wa dada yake, ameunda gari lake majira yote ya kiangazi, halafu anakuja mtu na bahasha. Sheria inajidai inapigana na pesa, lakini haiwezi kutofautisha pesa na jasho. Tajiri aliyenunua injini anapoteza alichonunua. Fundi aliyeikesha anapoteza usiku wake, na usiku hauna duka. Kama haki ni kumpa kila mtu kilicho chake, hii ni haki gani?

Nilikaa na hilo pingamizi muda mrefu, nikiamini ni zito. Bado naamini ni zito. Lakini nimekuja kuona nilikuwa nalinganisha vitu viwili ambavyo havilingani.

Mjomba aliuza peke yake. Siku ile Starlet inaondoka, hakuna mtu mwingine Nakuru aliyekuwa kwenye hatari ya kuuza gari lake kwa bei ya dalali. Mwenye gereji kubwa hakuwa kwenye hatari hiyo. Dalali hakuwa. Wazazi wa wanafunzi ambao karo yao ililipwa mapema hawakuwa. Kwetu kuna sheria ya kuuza pia, haijaandikwa tu, nayo inasema: aliye na haraka atauza, na wa haraka ni maskini. Kwenye lile ziwa kila mmoja aliyeingia ana gari mezani. Leo umechukua langu, kesho kutwa mtu atachukua lako. Anayelia jioni ya leo amewahi kununua, ama atanunua. Nikajiuliza, kumbe kilichoniuma miaka yote hii si kwamba gari liliuzwa? Kiliniuma ni kwamba liliuzwa na wengine wakitazama kutoka mahali ambapo halingeweza kuwafika wao.

Ukishaiona hivyo, unaanza kuiona kila mahali. Chukua KCSE. Tunaambiwa mtihani ni mmoja kwa wote, karatasi moja, saa moja, nchi nzima. Kweli. Barafu ni moja. Lakini kuna aliyekuja na maabara na kuna aliyechorewa kibichi cha sayansi ubaoni akaambiwa awaze moto. Sasa tuseme kungekuwa na sheria ya ziwa: kila mwaka, mzazi yeyote angeweza kusema nataka mtoto wangu aingie shule ya mtoto wako, na wako aje kwetu, na huwezi kukataa. Sipendekezi. Wazazi wangechoma nchi. Lakini naamini kabla ya mwaka kuisha hakungekuwa na shule moja ya umma isiyo na maabara, kwa sababu hakuna waziri, hakimu wala mwenye kampuni ambaye angelala usingizi akijua mtoto wake anaweza kuangukia huko. Hatari ikiwa ya watu wote, watu wote wanapata bidii ya kuipunguza. Ikiwa ya wachache, tunawaombea.

Hata hivyo sitaki kuwafanya Wafini malaika, kwa sababu kuna kitu ambacho sheria yao haiwezi kukigusa. Rudi kwa ile video ya mtoto wa miaka minane. Gari lile ungeweza kulinunua. Ziwa ni la kila msimu. Lakini baba dereva wa rally aliyempeleka ziwani akiwa mdogo hivyo, saa zote zile za kuteleza mpaka mwili ujue kona kabla ya macho kuiona, hivyo nani angeviweka mezani kwa bei moja? Ungechukua Starlet ya yule mtoto, ungempa yako iliyochakaa, na bado angekuacha kwenye kona ya pili. Ukiondoa pesa yote kwenye mashindano, kinachobaki tunakiita kipaji, na ndani ya kipaji kuna urithi mwingi uliojificha. Hakuna sheria ninayoijua ya kuugawa. Na sina hakika kama ningetaka iwepo, kwa sababu ingebidi kwanza imnyang'anye mtoto baba yake.

Wakati fulani nilitumia jambo hilohilo kujifariji. Nilijiambia Starlet imeenda lakini mikono ya Mjomba imebaki, na mikono haiuzwi. Ni maneno matamu ya mtu ambaye hajawahi kuwa fundi. Mikono bila ganda, bila injini, bila mahali pa kuegesha, inaunda nini? Siku ile gari linaondoka Mjomba alisema, "Si nitaunda ingine." Miaka imepita, hajaunda.

Krismasi iliyopita nilimwonyesha. Tulikuwa tumekaa nje kwa mama, simu ikiwa kwa mkono wake, mbali kidogo na macho kwa sababu anakataa miwani. Alitazama ile ya mtoto mara tatu bila kusema kitu. Halafu akasema, "Huyu mtoto haogopi kuiachilia." Nikamwonyesha magari ya jokkis, yamebonyea kila upande, namba zimepakwa kwa brashi, yanakimbizana kwenye ziwa jeupe. Nikamweleza sheria. Nilikuwa nimejiandaa kumtetea dhidi yake. Nilidhani atakasirika jinsi nilivyokasirika mimi.

Akauliza, "Unauza bei gani?"

Nikamwambia ni bei moja, imepangwa, na huwa wanaipandisha mara kwa mara kwa kuwa gharama zinapanda.

"Sijauliza hivyo. Hiyo bei inatosha kuunda ingine?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimesoma kuhusu Athens na Rawls na kukata chapati, na swali lenyewe likatoka kwa mtu ambaye amewahi kuuza. Maana kuna kuuza kunakokurudisha mwanzo na kuna kuuza kunakokutoa mchezoni, na sheria ikiwa moja kwa watu wote bado inaweza kuwa ya pili. Kule ziwani bei ikiachwa nyuma sana na gharama, anayeuzishwa leo hatarudi msimu ujao, na pole pole daraja la kila mtu litakuwa daraja la wale wanaoweza kupoteza. Nadhani ndiyo sababu inabidi waipandishe. Hatari kuwa ya wote ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni kwamba ukishapoteza, uwe na cha kuanzia.

Nikamjibu kwamba kwa gari la kawaida, ambalo hujalitia makeke, lengo la bei ni hilo, mtu aweze kuunda lingine.

Akanyamaza kidogo, akaipeleka video nyuma hadi mahali ambapo gari jekundu linaingia kona likiwa limegeuka kando kabisa. "Basi mimi ningeingia," akasema. "Wangeichukua, ningechukua ya mtu."

Halafu akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalingoja kwa miaka, ila hakuliuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua. "Na wewe, chuo utarudi?"

Nilisema sijui. Nilimwambia pia, kwa mara ya kwanza, kwamba nilianza kukosa darasa kabla karo haijaisha. Akaitika, "Mm." Akanirudishia simu akaniambia nimtafutie bei ya Starlet iliyogongwa, hata kama ni ganda tu, hata kama ina kuku.